Shahada ya mazingira: unasoma nini, unaingiaje, na kazi iko wapi kwa kijana wa Njombe na Makambako

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi Julai, nyumba nyingi za mkoa wa Njombe huingia kwenye mjadala uleule: mtoto akasome nini, na shamba lipi la misindano liuzwe ili apate ada. Kozi moja inayotajwa sana siku hizi ni shahada ya usimamizi wa mazingira. Wazazi wengine huipokea kwa mashaka. Husema kupanda miti hapa kwetu kila mtu anajua, sasa mtoto akae chuoni miaka mitatu kujifunza nini?

Ni swali la haki, hasa kwa mkoa ambao watu wake wanapanda miti kibiashara kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Makala haya yanaeleza kinachosomwa, masharti ya kuingia, vyuo vinavyofundisha, njia ya kusoma ukiwa nyumbani, mkopo, na kazi zinazopatikana.

Si kozi ya kupanda miti

Chukua kinyungu. Wakati wa kiangazi, bondeni kunakobaki na unyevu, familia inainua matuta, inachimba vijifereji vya kutoa maji, inapanda mahindi, maharage, viazi na mboga. Mahindi mabichi ya kinyungu ndiyo huokoa nyumba katika miezi ya njaa kabla ya mavuno ya masika. Lakini maji yanayotolewa kwenye bonde hilo ndiyo yanayoanzisha mito. Mto Mbarali unatoka kwenye milima yetu, unashuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, kisha Mtera na Kidatu, ambako kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Mto Ruhudji nao unateremka hadi bonde la Kilombero na kuingia Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kwa mara ya kwanza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo ukaukaji wa kiangazi umejirudia. Ugomvi wa nani amemaliza maji, mkulima wa mpunga wa Usangu, mfugaji au mwenye kinyungu wa huku juu, haujaisha hadi leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya maeneo hayo. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Bonde jembamba la Lupembe au Wanging'ombe likipimwa hatua 80 upande huu na 80 upande ule, mara nyingi hakibaki kitu cha kulima. Ndiyo maana tangazo la mita 60 likisomwa kwenye mkutano wa kijiji, kelele huanza.

Hapo ndipo kazi ya mtu aliyesoma mazingira inapoonekana. Anatakiwa aweze kupima mtiririko wa kijito mwezi wa tisa na mwezi wa tatu na kulinganisha. Aseme kama kilichopunguza maji ni matuta ya mahindi au ni mikaratusi iliyopandwa chemchemini, kwa sababu mkaratusi unaokua haraka kwenye udongo wenye maji hunywa kuliko mahindi, na hauvunwi baada ya miezi minne. Asome kifungu cha sheria neno kwa neno na kuona kuwa hakisemi "kilimo chote". Halafu aandike ripoti ambayo halmashauri inaweza kuifanyia kazi na mwanakijiji anaweza kuipinga kwa hoja. Kupima, kusoma sheria, kuandika: sehemu kubwa ya miaka mitatu inakwenda huko.

Tuseme wazi jambo ambalo vipeperushi vya vyuo havisemi. Kijana wa hapa akimaliza kozi hii na kupata kazi nyumbani, huenda siku moja akasimama mbele ya kinyungu cha mama yake na utepe wa kupimia mkononi. Anayechagua kozi hii ajue hilo mapema.

Madarasani kuna nini

Mwaka wa kwanza huwashtua wengi kwa sababu ni sayansi tupu: kemia, baiolojia, takwimu, jiografia ya udongo na maji. Baadaye huja ikolojia, uchafuzi wa hewa na maji, usimamizi wa taka, mabadiliko ya tabianchi, ramani za kompyuta zinazotumia picha za setilaiti, sheria za mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira. Kozi zenye neno "teknolojia" huongeza mitambo: namna ya kusafisha majitaka, kutumia taka kuzalisha gesi, kupunguza moshi wa kiwanda.

Mfano mmoja wa maabara unatosha. Mwanafunzi anachukua maji yanayotoka kiwandani na kuyaweka kwenye chupa gizani, katika joto la nyuzi 20, kwa siku 5. Mwisho anapima oksijeni kiasi gani imetumiwa na vijidudu vinavyokula uchafu ulio ndani. Uchafu ukiwa mwingi, oksijeni inayoliwa ni nyingi, na samaki wa mto utakaopokea maji hayo hukosa hewa. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kwa maji yanayomwagwa mtoni ni miligramu 30 kwa lita. Mwenye namba hiyo na matokeo ya chupa anaweza kuongea na mwenye kiwanda. Anayesema tu kuwa "maji yananuka" hasikilizwi.

Kwa mkoa wetu mambo ya kupima hayakosekani. Viwanda vya chai vipo. Makambako, penye makutano ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea pamoja na kituo cha TAZARA, kuna gereji na malori, na oili chafu inayomwagwa chini haiendi mbali na visima. Mashine za dingdong zinaacha milima ya vumbi la mbao ambalo mvua hulisomba hadi vijitoni. Nguzo za umeme hutiwa dawa ili mchwa wasizile, na dawa inayojulikana sana duniani kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ndani ya maji haina rangi wala harufu. Bila maabara, kijiji kinaweza kunywa miaka bila kujua, au kikaogopa miaka bila sababu.

Chura wa Kihansi

Ukitaka kuelewa kwa nini somo la tathmini ya athari kwa mazingira linapewa uzito, usiende mbali. Nenda jirani zetu wa milima ya Udzungwa, kwenye korongo la mto Kihansi. Huko kulijengwa bwawa la umeme la megawati 180. Uchunguzi uliofanywa kabla ya ujenzi haukumwona kiumbe mmoja mdogo, chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Aliishi mahali pamoja tu duniani: kwenye majani yaliyolowanishwa na rasharasha za maporomoko ya Kihansi.

Mitambo ilipoanza kazi na maji kuelekezwa kwenye handaki, rasharasha zilikatika. Ilibidi kutandazwe mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda kufugwa Marekani, ambako bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwatunza. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walipungua ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, kisha mwaka 2012 vizazi vya wale waliofugwa vikaanza kurudishwa Kihansi.

Watu wengi hucheka: fedha zote hizo kwa chura? Unaweza kucheka, lakini angalia mpangilio wa mambo. Kama mtu angemwona chura huyo kabla ya mkandarasi kuanza kuchimba, mchoro wa bwawa ungepangwa mapema kuacha maji ya kutosha kwenye maporomoko, na gharama ingekuwa ndogo. Safari nyingine anayesahauliwa kwenye uchunguzi si chura. Anaweza kuwa kijiji kinachochota maji chini ya mradi. Sheria ya 2004 ndiyo iliyoweka ulazima wa tathmini kwa miradi mikubwa, ikifanywa na wataalamu waliosajiliwa na kukaguliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga huko Ludewa ni miradi ya aina hiyo. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kwenye tathmini, na maoni yanayoambatana na vipimo hupewa uzito.

Masharti ya kuingia

Kwa aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2016 na kuendelea, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inataka ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C moja na E moja pia. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu nyingine, kwa sababu madaraja ya miaka hiyo yalikuwa tofauti.

Hicho ni kiwango cha chini cha taifa. Kila chuo huongeza masharti yake, na kwa kozi za mazingira za upande wa sayansi masomo yanayotajwa mara nyingi ni Baiolojia, Kemia, Jiografia, Fizikia na Hisabati. Tahasusi ya CBG imekaa vizuri sana kwa kozi hizi, PCB pia. Mwenye HGL au HGK asidanganywe kuwa mlango uko wazi kila mahali. Zipo kozi za mazingira za upande wa jamii na sera, lakini maabara si za kwake. Wenye mtoto wa kidato cha nne sasa hivi, huu ndio wakati wa kulifikiria hilo, kwani tahasusi ikishachaguliwa kuibadili ni shida.

Mwenye stashahada anaingia kwa GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne. Njia hii tunaiona inadharauliwa bure. Kijana anayesoma stashahada ya misitu Olmotonyi, Arusha, kwa mfano, anatoka na kazi mkononi, na shahada inaweza kufuata baadaye akiwa analipwa.

Chuo gani

Majina ya shahada yanachanganya, kwa hiyo soma taratibu.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo Morogoro, kina shahada ya sayansi ya mazingira na usimamizi wake, ya miaka 3. Ukitoka Makambako ni basi moja tu la barabara kuu. SUA pia ndiko kilipo Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, na kwa mkoa wa miti kama wetu, ambako mikataba ya hewa ukaa imeanza kuzungumzwa vijijini, hilo si jambo dogo. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kina shahada ya mipango na usimamizi wa mazingira. Humo mipango ya ardhi na vijiji ina nafasi kubwa kuliko kemia. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina uhandisi wa mazingira. Huo ni uhandisi kamili, miaka 4, na unahitaji Hisabati na Fizikia. Mhitimu wake husajiliwa kama mhandisi. Usiombe uhandisi ukidhani ni kozi ileile yenye jina zuri zaidi.

Kabla hujalipa fedha yoyote ya maombi, fungua tovuti ya TCU na utafute kitabu cha mwongozo wa udahili. Vipo viwili, kimoja cha waliomaliza kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada, na kuvisoma ni bure. Kozi isiyokuwemo kwenye kitabu cha mwaka huo, achana nayo hata kama anayeitangaza ana ofisi nzuri mjini. Maombi yenyewe hutumwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo. Hakuna dalali anayeweza kukuingiza. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja. Hivyo laini uliyojazia maombi isipotee, wala isiwe ya shangazi anayeishi mahali pasipo na mtandao. Vijana wengi wakati huo wako kambini JKT. Mzazi akubaliane nao mapema nani atakayeshika simu.

Kusoma ukiwa nyumbani

Wapo wasioweza kuondoka. Mwalimu wa shule ya msingi, mtendaji wa kijiji, mama mwenye watoto wadogo, mtu mwenye duka la pembejeo Makambako. Kwa hao kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa wanaosoma huku wakiendelea na shughuli zao. Kina vituo mikoani, na miongoni mwa kozi zake ipo shahada ya sayansi katika masomo ya mazingira.

Uhuru wake ni wa kweli, na ugumu wake pia. Hakuna anayekuamsha. Masomo yanakuja mtandaoni, na sote tunajua mtandao wa mabonde ya Lupembe mvua inaponyesha; pakua vitabu ukiwa mjini. Kozi za sayansi zina vipindi vya maabara ambavyo havifanyiki kwenye simu. Kabla ya kujisajili nenda kituoni ukaulize maabara hizo zitafanyikia wapi, kwa siku ngapi, na nauli na malazi ni juu ya nani. Mtu hujiandaa kwa ada akasahau kabisa gharama hiyo, na mwaka wa pili anakwama hapohapo.

Huria pia kina programu ya msingi kwa wasiokuwa na sifa za moja kwa moja. Hapa kuna uvumi wa kurekebisha: programu hiyo peke yake haimwingizi shahadani mtu mwenye cheti cha kidato cha nne tu. Pamoja na GPA ya 3.0 kwenye programu, anatakiwa awe na pointi angalau 1.5 za kidato cha sita katika masomo mawili, au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha ngazi ya 5 ya mafunzo ya ufundi.

Fedha

Bodi ya Mikopo, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, na anaomba kwa mtandao. Mkopo unaweza kugusa chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Wachache hupata vyote kwa asilimia mia. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Kinachowaangusha wengi wa vijijini ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho hivyohivyo. Fomu inasainiwa na serikali ya kijiji au mtaa na kugongwa muhuri wa mwanasheria. Herufi moja ya jina ikitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, Mbena aliyeandikwa "Mgaya" huku na "Mgaia" kule, safari za ofisini zinaanza. Shughulikia hilo kabla ya matokeo kutoka. Mkopo hurejeshwa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

Ada na posho za kila chuo hubadilika, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya chuo mwaka unaoomba. Kwa anayetaka kuuza miti, ushauri wetu ni huu: usiuze misindano michanga kwa bei ya hasara mwezi Oktoba kwa sababu ya ada ya mwaka mmoja. Piga hesabu ya miaka yote mitatu kwanza, ukiweka na hali ya kukosa mkopo kabisa.

Kazi iko wapi

Sheria inataka kila halmashauri iwe na afisa usimamizi wa mazingira. Mkoa wa Njombe una halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Wilaya, Makambako Mji, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Hesabu unaiona mwenyewe. Nafasi hizo hazimezi wahitimu wote. Nje ya halmashauri kuna NEMC, bodi za maji za mabonde (ya Rufiji ofisi yake kuu iko Iringa), mamlaka za maji mijini, hifadhi kama Kitulo, kampuni za misitu na chai, migodi, makandarasi wa barabara wanaolazimika kuwa na mtu wa mazingira kwenye mradi, na ofisi binafsi zinazoandaa tathmini. Wauza parachichi wa nje nao hudai ushahidi wa namna dawa na maji vinavyotumika shambani, na kuna watu wanaolipwa kuandaa kumbukumbu hizo.

Kazi za serikali hutangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Tangazo la Afisa Mazingira huorodhesha majina ya shahada zinazokubalika. Fanya hivi leo, kabla ya kuomba chuo: tafuta matangazo ya zamani ya nafasi hiyo, uone kama jina la kozi unayoitaka, au lenye maana ileile, limo. Lisipokuwemo, uliza chuo kwa maandishi wahitimu wake waliotangulia wameajiriwa kwa cheo gani, na majibu uyatunze.